Bajeti ya Ufukwe wa Jinja Ianze na Njia, Lango Lingoje

Mwaka wa fedha nchini Uganda huanza tarehe 1 Julai, na kwa sababu hiyo watu wengi huuchukulia mjadala wa bajeti kuwa jambo la Juni, pale Waziri wa Fedha anaposoma hotuba yake nasi tukasikiliza redioni ili kujua kama bei ya mafuta na sukari itapanda. Kwa mambo ya jiji, Juni ni kuchelewa. Serikali za mitaa huitisha mikutano yao ya bajeti karibu na Oktoba na Novemba. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, andiko la awali la bajeti huwa limekwisha kuandaliwa katikati ya Novemba, makadirio hufika bungeni kufikia tarehe 1 Aprili, na tarehe 31 Mei ndiyo mwisho wa kuyapitisha. Mkazi wa Walukuba au Mpumudde anayetaka njia ya kushukia ziwani, choo cha umma au miti ya kivuli katika bustani ya mtaa wake inampasa kulisema jambo hilo mapema, wakati diwani wake bado ana kalamu mkononi.

Hoja yangu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Jiji la Jinja likipata fedha za kuboresha bustani na ufukwe, shilingi za kwanza zitumike kupima ardhi ya umma, kusimika mawe ya mipaka na kufungua njia za miguu hadi majini. Zinazofuata zitengwe kwa utunzaji wa kila mwaka. Majengo ya kupendeza, pamoja na lile lango ambalo kila mradi hulikimbilia, yangoje zamu yao.

Anayeifahamu Jinja kwa ramani tu anaweza kushangaa kwamba suala la kufikia maji lipo kabisa. Kusini tuna Ziwa Victoria, magharibi tuna Mto Naili unaotoka humo kupitia Ghuba ya Napoleon, na jiji limekaa kwenye pembe ya nchi kavu kati ya hivyo viwili. Hata hivyo, mtu akitoka katikati ya mji kwa miguu kuelekea majini atakutana na ua wa hoteli, ukuta wa nyumba ya mtu, uwanja wa gofu, eneo la kiwanda, au kibanda cha kukatia tiketi pale Chanzo cha Naili. Mahali anapoweza kufika bila kuulizwa ni kwenye mialo kama Masese, ambako watu wako kazini: samaki wanashushwa, mizigo ya visiwani inapakiwa, na mama mwenye watoto watatu hana pa kukaa wala pa kuwapumzisha.

Hali hii haikuzuka juzi. Mji ulipopangwa wakati wa ukoloni, sehemu za juu zenye upepo na mandhari ya mto walipewa Wazungu, Wahindi wakakaa katikati penye maduka, na vibarua Waafrika wakajengewa makazi upande mwingine, hasa Walukuba, ambako wafanyakazi waliotoka Kenya, kaskazini mwa Uganda na kwingineko walikutanishwa na Kiswahili hiki tunachokiongea mpaka leo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa tunaliita Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme, na vingine vikachukua sehemu za ufukwe. Kwa hiyo ramani tuliyoirithi haikuwa na nia ya kumfikisha mtu wa Walukuba majini, isipokuwa kama alikuwa anakwenda kuvua au kubeba mizigo. Uhuru ulibadilisha wenye nyumba. Njia zilibaki zilezile.

Sheria, kwa upande wake, haina utata mkubwa. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba Serikali, au serikali ya mtaa kadiri Bunge litakavyoamua, itashika kwa niaba ya wananchi na kulinda maziwa ya asili, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi na ardhi iliyotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii, kwa manufaa ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaongeza kwamba mali hizi haziwezi kukodishwa kwa muda mrefu wala kuhamishwa kwa namna nyingine. Kinachoweza kutolewa ni kibali, leseni au ruhusa ya matumizi. Halafu zikaja Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, zilizoweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria, ukipimwa kutoka kiwango cha chini cha maji. Anayetaka kufanya shughuli ndani ya ukanda huo sharti apate idhini. Kwa maneno mengine, karatasi zinatutosha. Kinachokosekana ni jiwe ardhini la kumwonyesha mwenye ua kwamba hapa ndipo mwisho wako, na hapa pana upenyo wa kila mtu.

Ndiyo maana naona upimaji ndio kazi ya kwanza, ingawa hauna sura ya kupigwa picha. Mpima ardhi na wasaidizi wake wakiwa na vifaa vyao, afisa mipango miji akiwa na ramani, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akiwa shahidi, wanaweza kufanya jambo litakalodumu kuliko chemchemi ya saruji. Matokeo yao yaingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa jiji chini ya Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 2010, yabandikwe katika ofisi za divisheni zote mbili, na yapatikane kwa kila anayetaka kununua kiwanja karibu na maji. Mnunuzi akiona mapema kwamba kuna njia ya umma yenye upana wa mita kadhaa pembeni mwa kiwanja anachokitamani, ugomvi wa baadaye hupungua sana, na gharama ya mawakili wa jiji hupungua pia.

Mfano wa mbali unaonipendeza katika jambo hili ni wa Chicago, mji wa Marekani ulio kando ya Ziwa Michigan. Mwaka 1836 makamishna wa mfereji waliokuwa wakigawa viwanja waliandika juu ya sehemu moja ya ramani yao kwamba ni ardhi ya umma itakayobaki wazi daima, bila majengo wala kizuizi chochote. Zaidi ya nusu karne baadaye, viongozi wa mji walipotaka kujaza majengo mahali hapo, mfanyabiashara Montgomery Ward alianza kufungua kesi mwaka 1890 akiyashika maneno hayo, na akaendelea nayo mahakamani kwa takriban miaka ishirini. Bustani kubwa iliyopo mbele ya mji huo leo inadaiwa na mstari mmoja wa maandishi juu ya ramani. Wakati unaandikwa haukugharimu kitu. Wakati wa kuutetea uligharimu fedha nyingi, lakini angalau kulikuwa na kitu cha kutetea.

Kwetu kuna ugumu ambao mpangaji hawezi kuupuuza: ziwa lenyewe halitulii. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha kwa zaidi ya mita mbili, na kipimo cha Jinja kikafika mita 13.41 mwaka 1964. Mwaka 2006 maji yalishuka kiasi kwamba mashua zilikaa kwenye tope mahali zilipokuwa zikielea. Kisha Mei 2020 rekodi ya 1964 ikafikiwa na kuvukwa kidogo, na hoteli, mialo na nyumba nyingi kandokando ya ziwa, kuanzia Entebbe hadi Ggaba na hapa kwetu, zikaingiliwa na maji. Aprili ya mwaka huohuo kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilifika bwawani Nalubaale na kuzima umeme wa nchi nzima. Mwaka 2024 maji yalipanda tena. Mtu anayependekeza leo ukuta wa zege, sakafu ya vigae na migahawa ya kudumu hatua chache kutoka majini anapendekeza kutupa fedha za umma ziwani, na nadhani anastahili kuambiwa hivyo kwa heshima lakini waziwazi.

Ufukwe wa namna hii hutaka vitu vinavyokubali kulowa. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri inaweza kukarabatiwa na vijana wa mtaa baada ya mafuriko. Gati dogo la kuelea hupanda na kushuka pamoja na maji. Mafunjo na matete yakiachwa mahali pake huvunja mawimbi na kuchuja uchafu unaotoka mjini. Majengo machache yanayohitajika yakae juu, mbali na mstari ambao maji yaliufikia mwaka 2020. Mstari huo bado unaonekana kwenye kuta nyingi, na wazee wa Masese wanaweza kuuonyesha bila darubini. Bajeti iwe na kifungu cha kuuweka alama rasmi kabla rangi haijapakwa upya.

Sasa nije kwenye utunzaji, ambao kwa maoni yangu ndio unaoua bustani zetu. Miradi mikubwa ya miji nchini, kama ule wa USMID, yaani wa miundombinu ya manispaa, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013 katika manispaa 14, zikiwemo Jinja na Entebbe, ulitupatia barabara za lami, mitaro na taa za barabarani, na hakuna anayetaka kurudi kwenye mashimo ya zamani. Lakini fedha za namna hiyo hupenda kitu kinachojengwa, kinachozinduliwa na kukabidhiwa. Barabara angalau zilitungiwa sheria ya mfuko wake mwaka 2008 ili zipate fedha za matengenezo. Bustani haina mfuko wa jinsi hiyo. Inajengwa mara moja, kisha inaachiwa mapato ya ndani ya jiji, ambayo yanagombaniwa na takataka, mishahara ya vibarua na posho za vikao.

Tuchukue hesabu ya kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme jiji limepata shilingi milioni 500 kujenga bustani ya ufukweni yenye choo, njia na miti. Tuseme inahitaji watunza bustani wawili, mhudumu wa choo na mlinzi wa usiku, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi: hizo ni milioni 14.4 kwa mwaka. Ongeza maji, sabuni, kunyonya tangi la choo, taa zilizoharibika na mabenchi yaliyovunjika, tuseme milioni 10. Jumla ni milioni 24.4 kila mwaka, yaani milioni 244 katika miaka kumi, karibu nusu ya gharama ya ujenzi. Diwani anayepitisha ile milioni 500 bila kuuliza hii milioni 24.4 itatoka kifungu gani amepitisha nusu ya mradi, na nusu iliyobaki ataisikia kutoka kwa wapiga kura wake choo kitakapofungwa kwa kufuli.

Choo nimekitaja mara kadhaa, wala sikukitaja kwa mapambo. Kichocho cha tumbo kinaishi kando ya Ziwa Victoria kwa sababu mzunguko wake ni mwepesi: kinyesi cha mgonjwa kikifika majini, mayai ya minyoo huangua, vimelea huingia katika konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeogelea, ya mama anayefua au ya mvuvi anayesukuma mashua. Dawa ya praziquantel hutolewa kwa jamii za mwambao, na inasaidia, lakini mtu aliyetibiwa akirudi kwenye maji yaleyale huambukizwa tena. Jiji likimfungulia mwananchi njia ya kufika majini bila choo cha karibu kinachofanya kazi, litakuwa limefungua pia njia ya ugonjwa.

Choo cha ufukweni hakiwezi kuwa shimo la kawaida. Maji ya ardhini yako karibu mno, na ziwa likipanda kidogo shimo hufurika na kumwaga kila kitu mahali ambapo watu huchota maji. Kinachofaa ni tangi lililozibwa pande zote, linalonyonywa na gari la maji taka na kupelekwa kwenye mabwawa ya kusafishia ya Kirinya, ambayo kwa bahati yamo humuhumu jijini. Safari za gari hilo zina gharama, na gharama hiyo lazima iandikwe. Napenda pia choo hiki kiwe na bei ndogo au kiwe bure kabisa kwa watoto, kwa kuwa choo cha shilingi mia chache kilicho kando ya kichaka kisicho na malipo hushindwa ushindani kila siku.

Fedha zitoke wapi? Ruzuku nyingi za Serikali Kuu huja na masharti: hii ni ya shule, hii ya zahanati, hii ya barabara. Bustani haimo. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, serikali za mitaa zilipoteza chanzo kikubwa cha mapato yake, na kodi ya huduma za mtaa pamoja na kodi ya hoteli zilizoletwa mwaka 2008 hazikuliziba pengo hilo. Kodi ya majengo nayo haiwagusi wanaoishi katika nyumba zao wenyewe. Ninachopendekeza kwa Jinja ni kwamba sehemu ya kodi ya hoteli, na sehemu ya kiingilio cha Chanzo cha Naili, itengwe kwa azimio la baraza kwa ajili ya utunzaji wa ufukwe na bustani peke yake. Mgeni anakuja kuona mahali ambapo Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika mwaka 1862 na sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa humo mtoni. Analala hapa, analipa hapa. Ni haki kwamba sehemu ya malipo hayo imnunulie mkazi benchi.

Kuhusu kiingilio chenyewe, sina ugomvi na mgeni kulipa. Nina ugomvi na wazo kwamba kila futi ya ukingo inayofanyiwa usafi ni lazima izungushiwe uzio na kukatiwa tiketi. Entebbe ni fundisho, kwani fukwe zake nyingi zinazopendeza zina mwenyewe mlangoni anayekusanya, na hata Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 ina malipo ya kuingia. Kampala nayo ina habari ya Centenary Park, iliyokodishwa kwa mwekezaji, ikajaa baa na vibanda vya biashara, kisha mgogoro kati yake na mamlaka ya jiji ukafika mahakamani. Mkataba wa kukodisha bustani ya umma huanza na maneno mazuri kuhusu kuipendezesha. Ukiisoma ramani yake miaka michache baadaye, nyasi zimekuwa maegesho.

Jambo jingine linalohitaji kifungu chake ni watu waliopo tayari. Miradi ya kupendezesha fukwe hupenda kuanza kwa kufagia, na wanaofagiliwa huwa ni wanawake wanaoanika mukene, yaani dagaa wa ziwani, vijana wanaoosha pikipiki, na wauza chapati. Mukene ukianikwa mchangani huchanganyika na kokoto na bei yake hushuka. Ukianikwa kwenye vichanja vya waya vilivyoinuliwa hukauka vizuri na huchukua nafasi inayojulikana. Vichanja ni rahisi kuliko askari wa jiji. Waoshaji pikipiki nao wahamishiwe juu, penye bomba na shimo la kunyonya maji yenye mafuta, badala ya kufukuzwa leo ili warudi Jumatatu. Mimi sioni kwa nini mwalo wa samaki na mahali pa kupumzikia visikae jirani, mradi njia ya mizigo na njia ya watembeao zitenganishwe na kila upande ujue eneo lake. Nusu ya raha ya kukaa kando ya ziwa, kusema kweli, ni kutazama watu wengine wakifanya kazi.

Bustani za katikati ya mji, kama Coronation Park, zinahitaji maneno machache zaidi kwa sababu mahitaji yake yanajulikana: miti mipya ipandwe kabla ile mizee haijaanguka, taa ziwekwe juu pasipofikika kwa urahisi na wezi wa betri, na mabenchi yawe mazito. Lililo gumu huko ni kukataa. Kila anayetafuta kiwanja cha ofisi, kanisa au kituo cha mafuta huona nyasi za bustani kama ardhi iliyosahauliwa, na njia nzuri ya kumzuia ni hati ya ardhi yenye jina la jiji, iliyopatikana kwa zile fedha za upimaji nilizozitaja mwanzoni.

Kwa atakayehudhuria mkutano wa bajeti mwaka huu, ningeshauri aende na maswali yenye majina ya mahali: njia gani ya kushukia majini itapimwa mwaka huu, kutoka barabara ipi hadi wapi, nani atakayelipwa kuitunza, na kutoka kifungu kipi, mkataba gani wa kukodisha ardhi ya ufukwe unaisha karibuni, na je, utaongezwa muda. Akijibiwa kwamba nyaraka hazipo karibu, aandike ombi kwa Karani wa Jiji chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005, apeleke nakala mbili, na yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa ofisi ina siku 21 za kumjibu na hesabu yake huanzia hapo.